Drili inazimika kwenye kasi ndogo: triaki kubwa haitasaidia

Swali: Shikamoo mhandisi. Mimi ni fundi wa vifaa vya umeme hapa Gerezani, kazi yangu kufunga upya mota na kubadilisha kaboni (vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye rota). Kuna mwenye karakana ya samani kule Keko ameniomba nimtengenezee drili ya kutobolea matundu ya bawaba za kufichika, yale ya milimita 35, kwenye MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa) ya milimita 18. Nimechukua drili ya wati 600 inayofika mizunguko 2800 kwa dakika, nikaifungia dima (saketi ya kupunguza umeme) ya triaki, ile swichi ya kielektroniki, niliyoiunda mwenyewe. Ikiwa hewani inazunguka taratibu, safi kabisa. Biti ikigusa ubao inazimika. Vijana wakiongeza, inaruka ghafla, tundu linatokea upande wa pili na mlango umekwisha. Nifunge triaki kubwa zaidi? Na hizi drili za bei mbaya zina nini hadi zinakitii kidole?

Jibu: Marahaba, fundi. Triaki iache ilivyo. Mota ya wati 600 kwenye volti 230 inakula chini ya ampia 3, na triaki ya kawaida ya ampia 8 inaubeba mzigo huo bila wasiwasi. Kinachokosekana kwenye drili yako ni taarifa. Dima haijui mota inazunguka kwa kasi gani. Inajua tu ni kiasi gani cha umeme imeambiwa ipitishe.

Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo kila nusu wimbi linachukua milisekunde 10. Dima inakata kipande cha mwanzo cha hilo nusu wimbi na kuruhusu kinachobaki. Mota za drili hizi koili zake za nje na rota (sehemu inayozunguka) zimefungwa kwa mfululizo, na tabia yake unaijua: bila mzigo inakimbia, ikipata mzigo inashuka. Ukishaipunguzia umeme hadi ikazunguka taratibu hewani, umeme unaobaki unatosha kuzungusha hewa tu. Ni kama bodaboda aliyefunga mafuta sehemu moja: barabara tambarare anateleza, akianza kupanda vilima vya Goba pikipiki inazimika. Anachotakiwa kukishikilia ni kasi, na mafuta yaongezeke yenyewe mlima ukija.

Kwa hiyo unahitaji mrejesho: sensa inayosoma kasi, na saketi inayolinganisha kasi hiyo na ile iliyoombwa na kidole, halafu inaongeza au kupunguza umeme kufidia tofauti.

Sensa iweke kwenye mhimili wa mota, nyuma, upande wa kaboni; sumaku iliyofungwa kwenye mhimili kila ikiipita, inatoa alama. Wengi hukimbilia kuifunga karibu na kichwa cha drili kwa sababu ndipo penye nafasi, na hapo ndipo kazi inapoharibika. Piga hesabu. Tuseme unataka mizunguko 500 kwa dakika kwenye biti. Hiyo ni kama mizunguko 8 kwa sekunde, yaani mzunguko mmoja kila milisekunde 120. Kabla sensa haijapata alama ya pili, biti imeshakwama. Mota yenyewe, kama gia zako zinapunguza mara 10, wakati huo inazunguka mara 5000 kwa dakika, mzunguko mmoja kila milisekunde 12. Afadhali, lakini bado. Ukiweka sumaku moja unapata alama isiyofika hata moja kwa kila nusu wimbi. Tafuta sumaku ya duara yenye ncha 8, yaani jozi 4 za kaskazini na kusini, inayotoa alama 4 kwa mzunguko. Hapo alama zinakuja kila milisekunde 3, na saketi inakuwa na kitu cha kusoma kabla ya kuamua juu ya nusu wimbi linalofuata. Haraka kuliko hapo haina faida, maana triaki ikishawaka haizimiki hadi mkondo ufike sifuri.

Waya wa sensa usokote, na uupitishe mbali na kaboni. Cheche za kaboni zinaandika alama za uongo, drili inaanza kukohoa, na utailaumu saketi nzima bure.

Kuna mambo mawili kwenye saketi ambayo sitaki uyaruke.

La kwanza ni ile ruka-ruka. Saketi za mrejesho kwa kawaida hujumlisha kosa kadiri muda unavyokwenda: kasi ikiwa chini, zinazidi kuongeza. Biti ikibanwa kwa nusu sekunde, jumla inakuwa kubwa mno, na biti ikiachia tu, nguvu yote iliyolimbikizwa inatoka kwa mkupuo. Utakuwa umetengeneza upya ugonjwa uleule, safari hii kwa gharama zaidi. Weka kikomo kwenye hiyo jumla. Halafu weka sheria: kasi ikishuka chini ya theluthi moja ya iliyoombwa na ikakaa hapo kwa theluthi moja ya sekunde, umeme ukatwe hadi kidole kiachie swichi.

La pili ni la usalama. Waya wa sensa ukikatika, saketi inaona kasi sifuri. Itafanya nini? Itafungulia umeme wote, na drili iliyoombwa 300 itapaa kwenda 2800 mkononi mwa kijana aliyeinama juu ya mlango. Kwa hiyo umeme ukiwepo na alama zisipokuja ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, zima.

Kama hutaki kuandika programu ya maikrokontrola (kompyuta ndogo ndani ya chipu), tafuta chipu ya TDA1085C. Ilibuniwa kwa mota za aina hiihii kwenye mashine za kufulia, na inapokea sensa ya kasi moja kwa moja. Bodi za mashine kuukuu zinaweza kuwa nayo, pekua kabla hujanunua. Regileta ya pangaboi usiifikirie kabisa.

Sasa kidole. Swichi nyingi za drili zinabonyea milimita 7 hivi. Ukizigawa sawasawa kwa mizunguko 2800, kila milimita inabeba mizunguko 400, na hakuna kidole chenye jasho la Dar kinachoweza kutulia kwenye robo ya milimita huku mkono huohuo ukisukuma. Gawa kwa upendeleo: milimita 4 za mwanzo zitoke sifuri hadi 700, na 3 za mwisho zimalizie hadi 2800. Hapo mwanzoni kila milimita inakuwa na mizunguko 175 tu. Hii ndiyo siri kubwa ya hizo drili zinazotii, na haikugharimu chochote zaidi ya kubadilisha hesabu ndani ya saketi. Springi ya swichi nayo isiwe laini mno. Kidole kinahitaji kitu cha kuegemea.

Kwa kazi ya bawaba peke yake, ningeongeza kigurudumu kidogo cha kuwekea kikomo cha kasi. Fundi anaweka 600, anavuta swichi hadi mwisho, na akili yake yote inabaki kwenye kunyoosha biti. Tundu la bawaba hizi lina kina cha milimita 12 au 13 kwenye ubao wa 18, umebaki na kama 5 tu za kukosea, kwa hiyo mfungie na kizuizi cha kina. Kidole hakipimi kina hata kikipewa saketi ya dhahabu.

Ukipata drili yenye gia mbili, ichukue hata kama ni ghali kidogo. Gia ya chini inaongeza nguvu ya kuzungusha bila kuisumbua saketi, na mota inaendelea kukimbia, jambo linaloiokoa na joto. Feni imekaa kwenye mhimili wa mota. Mota ikishuka kutoka 28,000 hadi 5000, upepo nao umeshuka wakati mkondo uko juu. Vumbi la MDF likiziba matundu ya hewa, koili zinaungua. Waambie vijana kila baada ya milango michache waiachie drili hewani kwa kasi kubwa kwa nusu dakika.

Na mshikio wa pembeni uwe wa lazima. Umbo hili la mpini wa bastola na swichi ya kidole lilipewa hataza Marekani mwaka 1917, kwa Black & Decker, na ni umbo zuri kwa kusukuma. Kwa kuzuia msokoto halifai sana. Biti ikikwama na drili ikatoa Newton-mita 10, mkono ulioshika mpini sentimita 10 kutoka kwenye mhimili unapokea kama uzito wa kilo 10, ghafla. Kwenye mshikio wa pembeni wa sentimita 25 ni kilo 4. Drili yako ya zamani ilikuwa inazimika kabla ya kumuumiza mtu. Hii mpya haitazimika, ndiyo maana ile sheria ya kukata umeme si ya hiari.

Za betri ni habari nyingine. Zinakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, si mara 100 kama triaki, na ukiachia swichi saketi inaunganisha ncha za mota pamoja, mota inajifunga breki papo hapo. Yako itaserereka kidogo baada ya kuachia, na kwenye bawaba hilo linavumilika. Kama mteja atataka na kufungia skrubu kwa drili hiyohiyo, mwambie anunue ya betri.

Ukianza majaribio, funga taa ya kizamani ya wati 100, ile ya waya unaong'aa, kwa mfululizo na drili, ili saketi ikikosea isipate mkondo wa kuharibu kitu. Chomoa waya wa sensa makusudi uone kama inazima. Saketi nzima imeunganishwa moja kwa moja na umeme wa ukutani, kwa hiyo kigurudumu kiwe cha plastiki na pasiwe na skrubu ya chuma inayotokea nje ya ganda la drili. Kabla hujanunua sumaku, fungua giaboksi uhesabu meno ya gia zote, uniandikie. Ile mara 10 nimeikadiria tu, na idadi ya ncha inategemea hapo.