Kabla hujamwambia Mungu "mapenzi yako yatimizwe", begi lako liko wapi?

Wapendwa, Bwana asifiwe. Leo naongelea jambo ambalo naulizwa sana na vijana ninaowalea kiroho, hili la kuwa na moyo mnyoofu na uliojisalimisha mbele za Mungu, maana wengi wakisikia kujisalimisha wanawaza machozi madhabahuni, unapiga magoti, unalia mpaka sauti inakauka, unaamka umejisalimisha. Sina shida na machozi, mimi mwenyewe nalia sana tu. Ila nimeokoka muda wa kutosha kuona kwamba mtu anaweza kulia Jumapili na Jumatatu akafanya kilekile alichokuwa ameshapanga kukifanya, na machozi yalikuwa ya kweli kabisa.

Kwangu kipimo ni kimoja. Je, Mungu anaweza kukwambia hapana kwenye hili jambo na ukakubali? Basi.

Kuna habari iko Yeremia 42, watu hawaihubiri sana sijui kwa nini. Yerusalemu imeshaanguka, gavana Gedalia aliyewekwa na Wababeli ameuawa, watu waliobaki wana hofu na hao Wababeli. Wanamwendea nabii Yeremia, wakubwa kwa wadogo, wanamwambia tuombee kwa Bwana atuonyeshe njia ya kuiendea, na wanaapa kabisa kwamba likiwa neno jema au likiwa baya sisi tutatii. Maombi mazuri mno, ukiyasikia kwenye mkesha utasema hawa watu wamevunjika kweli. Siku 10 zinapita, neno linakuja: kaeni hapahapa nchini, msiende Misri. Wanajibuje? Sura ya 43 wanamwambia Yeremia unasema uongo, Mungu hakukutuma. Sasa rudi nyuma kidogo usome mwisho wa sura ya 41. Kabla hawajaomba maombi hata kidogo walikuwa wameshaondoka walikokuwa, wamepiga kambi karibu na Bethlehemu, njiani kwenda Misri. Yaani safari imeshaanza, mabegi yako njiani, ndio wanauliza Bwana twende wapi.

Tunafanya hivi sana jamani. Unaomba Mungu akuonyeshe kama huyu ndiye mwenzi wako na pete imeshanunuliwa. Unaandika kwenye grupu "niombeeni nijue mapenzi ya Bwana kuhusu kazi" na barua ya kuacha kazi ya zamani iko tayari kwenye simu inasubiri kutumwa. Tunampelekea Mungu fomu tumeshaijaza yote, tunataka sahihi yake tu. Na mchungaji akisema subiri kidogo, tunamtafuta mchungaji mwingine hadi tumpate wa kusema ndiyo.

Kitu kinachonisaidia mimi ni rahisi tu, nikiwa na jambo la kuamua naandika kwenye daftari ninachotaka, waziwazi, "Bwana nataka hiki", halafu chini yake naandika "na ukisema hapana nitafanya hivi". Ile sentensi ya pili ndiyo kazi yenyewe. Kuna mara kalamu inagoma kabisa, najikuta nimeandika ile ya kwanza vizuri, kwa mwandiko mzuri, ya pili naona nikachemshe chai kwanza. Hapo najua bado niko safarini Misri. Simwambii Mungu nimejisalimisha, namwambia sijajisalimisha, nisaidie nitake kujisalimisha, na hilo ni ombi halali kabisa.

Ambalo linanileta kwenye unyoofu, maana huwezi kusalimisha kitu unachokificha. Watu wengi wakiomba wanabadilika sauti, wanaanza kuongea kama wanatoa hotuba, wanamwambia Mungu vitu ambavyo wanadhani anataka kuvisikia. Kuna kipindi kwaya yetu ilikuwa inajiandaa na ibada kubwa, kuna wimbo nilikuwa nauongoza tangu tulipoanza kuufanyia mazoezi, siku zimekaribia mwalimu akasema huu ataongoza mwenzangu, mgeni kabisa, ndio kwanza amejiunga. Mbele za watu nikasema "Amina mwalimu, haina neno, utukufu ni kwa Mungu." Nikafika nyumbani, nikakaa ukingoni mwa kitanda viatu bado viko miguuni, nikaanza kuomba, "Bwana mbariki mtumishi wako yule, mtie mafuta..." na maneno yakaishia hapo. Kimya. Baadaye ndio ikatoka ile ya kweli: "Bwana nimeumia, na sitaki aimbe vizuri."

Ilikuwa sala mbaya lakini ndiyo ilikuwa sala yangu ya kwanza siku hiyo, ile nyingine ilikuwa ni mazoea. Sikuona maono wala sikusikia sauti. Nilikaa pale nikalia kidogo, nikamwambia na mengine yaliyokuwa chini ya hilo (yalikuwepo, tena mengi, wivu huwa hauji peke yake). Mazoezi yaliyofuata nikamkuta yule mwenzangu anahangaika na sehemu moja ya kiitikio, sauti inapanda ghafla na yeye anachelewa kuvuta pumzi. Nikamvuta pembeni nikamwonyesha pa kupumulia. Moyo ulikuwa haujapoa wote, niseme ukweli, ila mkono ulishakubali.

Soma Zaburi utaona hawa watu hawakuwa na adabu ya bandia. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na inaishia gizani, hakuna "lakini nitakusifu" mwishoni, na bado imo ndani ya Biblia. Yule mama Hana, aliyekuwa anamlilia Mungu ampe mtoto, aliomba midomo inacheza tu, kuhani Eli akadhani amelewa. Na Bwana Yesu mwenyewe pale Gethsemane hakuanza na "mapenzi yako", alianza kwa kuomba kikombe cha mateso kimwepuke. Mathayo anasema aliomba mara tatu, maneno yaleyale. Kwa hiyo ukiona umeomba jambo moja usiku mmoja halijakaa sawa moyoni, usijione huna imani, endelea tu kurudi pale.

Jambo lingine ambalo nimelitafakari sana ni wafalme wa Israeli, Sauli na Daudi. Wote wawili walitenda dhambi, Sauli hakutii agizo la Mungu vitani, na kwa macho ya kibinadamu ya Daudi ilikuwa mbaya zaidi, kachukua mke wa mtu na kumuua mume. Wote wawili wakajiwa na nabii. Na wote wawili wakakiri! Sauli alimwambia Samweli nimefanya dhambi, Daudi akamwambia Nathani nimefanya dhambi. Maneno karibu sawa. Tofauti iko kwenye kilichofuata, Sauli akasema nimekosa lakini uniheshimu sasa mbele ya wazee wa watu wangu, turudi pamoja. Hofu yake ni wazee watamwonaje. Daudi yeye Zaburi ya 51 inasema moyo uliovunjika na kupondeka Mungu hataudharau, na akatoa huo moyo akauweka hadharani, mpaka leo tunaimba aibu yake makanisani.

Kwa hiyo ukikosea angalia unachowahi kukilinda. Kama wazo la kwanza ni nani amejua, nani ameona, nifute ile status, nimpigie fulani kabla hajasikia kwa wengine, hapo simama kwanza. Nenda kwa Mungu, halafu nenda kwa uliyemkosea, kwa sentensi fupi. "Nilikusema vibaya kwa fulani, nisamehe." Usianze na "kama nilikukwaza", hiyo "kama" inaharibu kila kitu, na usielezee ulikuwa na stresi gani siku hiyo. Kuna msamaha wa mistari kumi na tano kwenye WhatsApp ambao ukiusoma vizuri ni mashtaka.

Na kwa watumishi wenzangu, sisi tuko kwenye hatari zaidi sababu huduma inaficha. Ukiwa unaongoza sifa, unafundisha watoto, unapanga viti, hakuna atakayekuuliza moyo ukoje, wanakuona uko kanisani kila siku wanadhani uko freshi. Anania na mkewe Safira, wa lile kanisa la kwanza, walikuwa watoaji hao. Petro akamwambia Anania shamba lilikuwa lako, na hata baada ya kuuza hela ilikuwa yako, hakuna aliyewalazimisha kutoa yote. Shida ilikuwa kuleta sehemu na kutaka waonekane wameleta yote. Wangesema tu "tumeleta nusu" ingekuwa sadaka safi kabisa. Kwa hiyo kama leo una nusu, mwambie Mungu una nusu. Mimi najitahidi niwe na kitu ninachomfanyia Mungu ambacho hakuna mtu anakijua, na hapa sikitaji bila shaka.

Sasa kuna upande mwingine lazima niuseme maana hili fundisho linatumika vibaya. Kuna watu wameambiwa "jisalimishe" na binadamu mwenye shida zake. Anayepigwa nyumbani anaambiwa nyenyekea, anayehoji hela za kanisa anaambiwa ana roho ya uasi. Hapana. Daudi alimheshimu Sauli kama masihi wa Bwana, yaani mfalme aliyetiwa mafuta, alikataa kabisa kumdhuru hata alipopata nafasi, lakini Sauli aliporusha mkuki Daudi alikwepa, na usiku uleule akakimbia. Hakubaki pale ukutani kuonyesha unyenyekevu. Kumsamehe mtu ni jambo la moyoni mwako, kurudi ndani ya nyumba ambayo anakurushia mkuki ni jambo lingine, na Mungu hakudai hilo la pili ili akupime moyo. Anayekwambia hivyo muulize kwa upole ni nani anayefaidika na utii wako, na kama uko kwenye hali hiyo tafuta mtu mzima wa kuaminika nje ya hiyo nyumba au hilo kanisa, umwambie yote, leo.

Kwa wengine wote mnaouliza mnaanzia wapi, anza na Zaburi ya 139, mistari miwili ya mwisho, "Ee Mungu, unichunguze, uujue moyo wangu". Iombe kwa sauti ukiwa peke yako, halafu nyamaza dakika chache bila simu. Kuna jina la mtu au jambo moja litakuja, mara nyingi linakuja haraka hadi unashtuka. Usiliruke kwenda kuombea mataifa. Baki nalo hilohilo.