Nguru wa sentimita 63: ushauri kwa wanaoanza kuvua Omani

Sisi tuliokulia Unguja, Pemba au Mombasa hufika Maskati tukiwa tumeshajua kufunga ndoana, kuchagua chambo na kusoma maji, na kwa sababu hiyo hudhani kwamba hakuna kikubwa kilichosalia cha kujifunza. Kilichosalia ni rula. Kwetu samaki wa kitoweo alipimwa kwa macho na kwa chungu, na mtoto aliyerudi na vichangu vya kiganja alipongezwa. Huku urefu wa chini umeandikwa katika kanuni, na anayekwenda baharini siku ya Ijumaa kwa kujiburudisha anapaswa kuujua mapema, sambamba na kushughulikia leseni yake.

Jifunze kwanza majina, kwa kuwa matangazo mengi hutolewa kwa Kiarabu: nguru ni kanadi, chewa ni hamuri, tasi ni safi, na changu huitwa shaari. Katika maji ya Omani nguru hatakiwi kuvuliwa akiwa chini ya sentimita 65, na kuanzia tarehe 15 Agosti hadi 15 Oktoba haruhusiwi kabisa, hata awe na urefu wa mtu. Ukivuka mpaka kwenda kuvua na jamaa zako wa Dubai au Abu Dhabi, utakuta kwamba chewa amewekewa sentimita 45, na kwamba tasi na changu hupumzishwa Machi na Aprili. Kanuni hizi hurekebishwa mara kwa mara, hivyo zisome upya kila msimu, wala usitegemee alichokuambia mwenzako mwaka juzi.

Mimi mwenyewe nilizijua namba hizi kwa kichwa, na bado nikakosea. Mwaka wangu wa kwanza tulikuwa tukirambaza nje ya Seeb, nguru akashika alfajiri, na nilipomtia chomboni alionekana mkubwa kuliko alivyokuwa, kama anavyoonekana kila samaki aliyekutoa jasho. Utepe wa kupimia ulikuwa ndani ya mkoba, mkoba ulikuwa chini ya kiti, na mikono yangu ilikuwa imejaa damu na utelezi. Basi nikamkisia kuwa ni sentimita 70, nikamfunika barafu. Tuliporudi pwani, mzee mmoja mvuvi, ambaye mama yake alizaliwa Unguja na ambaye Kiswahili chake kilikuwa kisafi kuliko changu, alimlaza juu ya turubai, akavuta utepe wake taratibu kutoka puani na kuniambia, «Mwanangu, huyu sitini na tatu.» Hakuongeza neno, nami sikuwa na la kujibu, maana samaki alikuwa amekwisha kufa saa nne kabla.

Tangu siku ile kipimo changu hukaa wazi kabla ndoana haijagusa maji. Ninatumia ubao mwembamba wenye kizuizi upande mmoja: ninaulowesha, ninagusisha pua ya samaki kwenye kizuizi huku mdomo wake ukiwa umefumbwa, ninamlaza ubavu bila kumpinda, kisha ninasoma. Kwa chewa kazi inaishia hapo, kwa kuwa mkia wake ni wa mviringo. Nguru ana mkia uliogawanyika kama panda, na kati ya ncha za mkia na katikati ya panda kuna sentimita kadhaa ambazo watu hubishana juu yake chomboni. Ushauri wangu ni kusoma katikati ya panda, palipo pafupi zaidi, kwa sababu samaki anayetosha hapo anatosha kwa kipimo chochote ambacho afisa atakitumia. Ongeza sentimita mbili za tahadhari, kwani samaki aliyelala barafuni hupungua urefu kidogo, na yule aliyekuwa 65 kamili baharini anaweza kukuaibisha nchi kavu. Usimkate kichwa wala mkia kabla ya kufika, la sivyo hutakuwa na cha kupima.

Jambo la pili hunichukua muda kulieleza kwa wageni, nalo ni kwamba urefu wa kisheria hauthibitishi kwamba samaki amekwisha kuzaa. Watafiti waliowachunguza nguru wa Omani walikuta kwamba majike hukomaa wakiwa na takriban sentimita 80, kwa hiyo nguru wa sentimita 66, ambaye sheria inakuruhusu kumla, yaelekea hajataga hata mara moja. Kwa chewa hesabu inageuka, kwani huanza maisha akiwa jike na baadhi yao hugeuka madume wanapokuwa wakubwa. Anayebeba kila chewa mkubwa amewatii wenye sheria, lakini mwambani amewapunguza madume. Ndiyo maana mimi huwarudisha pia wale wakubwa mno, ambao kwa kweli nyama yao si tamu kama ya wale wa wastani.

Kurudisha nako kuna namna yake. Nguru hupumua kwa kwenda mbele ili maji yapite kwenye matamvua, na akikaa chomboni dakika mbili ukimpiga picha, utatupa maiti. Mng'oe ndoana kwa koleo (meno yake ni wembe), mshike kwa mikono iliyolowa, umrushe akitanguliza kichwa. Ukipata wadogo wawili mfululizo, hama mahali hapo, kwa sababu wadogo hutembea pamoja. Chewa aliyetolewa kwenye kina kirefu ana tatizo jingine: kibofu chake cha hewa huvimba, tumbo likasukumwa hadi mdomoni, naye akabaki akielea juu ya maji kama boya. Usilitoboe tumbo hilo. Tundika chubwi zito kwenye ndoana ambayo kijino chake umekibana kwa koleo, ipitishe kwenye mdomo wa chini, mteremshe hadi karibu na chini, kisha uvute mshipi kwa ghafla ili ndoana itoke. Mara ya kwanza utaona ni usumbufu; mara ya tatu utaifanya huku ukizungumza.

Juu ya ubao wangu nimepiga mistari miwili kwa rangi nyekundu, mmoja kwenye 67 na mwingine kwenye 80. Anayefika katikati ya mistari hiyo tunakuwa tumekwisha kuamua juu yake tungali ufukweni, kabla ya injini kuwashwa, kwa sababu samaki akiwa tayari anapiga mkia chomboni hakuna mtu anayesoma rula kwa haki.