Maswali ya Wasomaji: Ufukwe mzuri usiojaa watu, huku huku bara

SWALI: Habari dada, naomba unisaidie. Desemba iliyopita tulitoka Dodoma na watoto watatu mpaka Dar, tukawapeleka Coco Beach siku ya sikukuu, asee watu walikuwa wengi kiasi kwamba watoto bahari waliiona kwa kuchungulia tu, na yule wa mwisho akatupotea nusu saa nzima. Zanzibar siwezi kwenda maana boti inanitapisha sana. Nataka huku huku bara, mchanga mzuri, watu wachache na bei isiyoumiza. Jirani kaniambia niende Pangani, ila shemeji yangu alishafika akasema ni tope tupu na maji yako huko mbali hata huyaoni. Nimuamini nani?
Mama wa Watatu, Dodoma

JIBU: Pole sana mama, kumtafuta mtoto ufukweni katikati ya umati najua moyo unavyokwenda mbio. Sasa hao wawili wote wamekwambia kweli, ila kila mmoja aliiona Pangani yake. Pangani mjini ni mdomo wa mto, na mto unashuka na udongo wake toka bara huko, kwa hiyo hapo mbele ya mji maji ni ya kahawia na kando yake kuna mikoko. Ukitaka bahari ya kuogelea vuka mto upande wa Bweni halafu chukua bodaboda au bajaji kuelekea kusini mpaka Ushongo, ni kama kilometa 15 hivi, na huko utakuta mchanga mweupe mrefu na minazi, siku ya kazi unaweza ukatembea asubuhi nzima ukakutana na wavuvi wanaotengeneza nyavu na watoto wa shule basi. Gesti za bei ya kawaida ziko Pangani mjini, Ushongo kwenyewe bei inapanda kidogo ila kuna sehemu wanaruhusu hema. Kwa basi toka Dodoma mnapita Morogoro, Chalinze, Segera mpaka Muheza au Tanga, ndio mnaingia Pangani.

Hilo la maji kuwa mbali ndio watu wengi linawaharibia safari na hawalijui, hasa sisi tuliokulia mbali na pwani. Nakuomba kabla hujaangalia bei ya gesti angalia mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndio bamvua, maji yanajaa sana na yanakupwa sana, na kwa pwani yetu hii siku hizo maji yanajaa kama saa kumi alfajiri na tena saa kumi jioni, maana yake saa nne asubuhi wakati watoto wameshavaa nguo za kuogelea bahari imeondoka na mmebaki na mwani na vidimbwi. Shemeji yako nina hakika alifika siku ya hivyo. Kila siku saa inasogea mbele karibu dakika 50, kwa hiyo baada ya wiki, mwezi ukiwa nusu, mnaingia kwenye maji mafu, hapo maji yanajaa kuelekea saa nne au saa tano asubuhi na hata yakikupwa hayaendi mbali. Kwa watoto chagua siku hizo. Kama hujui kusoma mwezi muulize mvuvi yeyote, atakwambia kwa kichwa tu bila kuangalia simu.

Ila msiidharau ile asubuhi ya maji kupwa, vaeni viatu vya plastiki mtembee taratibu (wale wadudu weusi wenye miiba mirefu wakikuchoma mguu utaukumbuka), mtawaona akina mama wa pale na fimbo zao wanachokoa pweza kwenye matundu ya mwamba. Mama mmoja alinionyesha tundu moja mara tatu na mimi sioni kitu, mpaka mwamba wenyewe ukabadilika rangi, kumbe nilikuwa namtazama pweza muda wote. Pale ni shambani kwao, kwa hiyo ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha na msiwasogezee mawe yao.

Kama tumbo lako litavumilia safari fupi ya mashua, fungu la Maziwe liko mbele ya hapo. Wazee watakwambia zamani kilikuwa kisiwa chenye mivinje, leo ni mchanga mtupu na maji yakijaa linafunikwa, nilisimama pale nikaona linapungua mpaka nahodha akasema tuondoke na maji yalikuwa yameshafika kwenye vifundo vya miguu. Kasa bado wanataga pale, ndio maana mayai yao yanahamishiwa Ushongo yasife maji. Mkikuta sehemu imewekewa alama msikanyage, na usiku msimulike tochi ovyo ufukweni.

SWALI: Dada mambo, mimi niko Dar, nina hema na pikipiki tu. Mwezi uliopita mlinzi wa hoteli moja alinifukuza ufukweni akasema ni wa kwao. Ni kweli?
Kijana wa Mbagala

JIBU: Sio kweli mdogo wangu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 toka ukingo wa bahari, sasa huo ufukwe umekuwaje mali yao? Pita kwa adabu, usikae kwenye viti vyao. Kwa hema nenda Kigamboni, vuka Mjimwema na Gezaulole endelea kusini mpaka Kimbiji, nenda Jumanne au Jumatano na uripoti kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa, ukishafahamika hata usingizi unakuja vizuri. Ila nakuomba sana, huko bahari iko wazi na wakati wa upepo wa kusi mawimbi yana nguvu. Mkondo ukikuvuta usipambane nao kurudi moja kwa moja, ogelea pembeni sambamba na ufukwe mpaka ukuachie. Na usiogelee peke yako.

SWALI: Kila siku mnaandika Tanga na Bagamoyo, sisi wa kusini hatuna bahari?
Msomaji wa Mtwara

JIBU: Mnayo, na kwa utulivu mmetuzidi wote, naomba radhi kwa kuchelewa kuisema. Msimbati iko ndani ya hifadhi ya bahari ya Mnazi Bay na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, mchanga ni mrefu na watu wa kuhesabika. Kuna kiingilio cha hifadhi, lipia na utunze risiti. Wenye watoto wakae nao karibu, kina kinaanza mapema pale, na maji ya kunywa nunueni Mtwara mjini kabla hamjatoka.