Nyanya alikuwa muimbaji, tutamkumbuka vipi?

SWALI: Shikamoo Shangazi, nyanyake mamangu aliimba taarabu, alizunguka na kikundi chao Lamu, Mombasa mpaka Unguja, sasa tumebaki na picha moja na santuri. Tufanyeje? — Mjukuu, Kisauni

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza hiyo santuri msiipige ovyo, zile za zamani za mizunguko 78 kwa dakika huvunjika kama sahani, we soma lebo ya katikati uipige picha, mara nyingi ina namba na jina la kampuni. Si hata Siti binti Saad, yule muimbaji wa taarabu wa Unguja, sauti yake tunayo sababu alienda Bombay 1928 kurekodi! Picha nayo igeuze, huenda kuna maandishi nyuma. Alafu wazee wa Mji wa Kale warekodi kwa simu wakiimba, usiwakatize, na wakianza kunong'ona eti kuimba ilikuwa aibu, we waongeze kahawa tu.