Daktari Anajibu: Mafigo Yanapovimba Baada ya Vidonda vya Ngozi

SWALI: Salaam, Daktari. Mwanangu wa miaka saba alipata upele uliogeuka kuwa vidonda vyenye usaha miguuni. Vidonda vilipokwisha kukauka, alianza kuamka akiwa amevimba uso, na mkojo wake ukawa na rangi ya chai ya rangi. Mama mkwe alisema ni malaria, jirani akasema ni unyafuzi, lakini hospitalini tuliambiwa kwamba mafigo yamevimba. Ameruhusiwa kurudi nyumbani. Vidonda vya miguu vinafikaje kwenye mafigo? Nimpe maji mengi ili yasafishike? Je, atapona kabisa?
Mama wa watoto wanne, Arua

JIBU: Pole sana, mama. Vidonda vyenyewe havikufika kwenye mafigo. Bakteria waitwao streptokoki walipoingia kwenye ngozi iliyokunwa, mwili wa mtoto ulitengeneza kingamwili za kupambana nao. Kingamwili hizo zikishikamana na masalia ya bakteria, mchanganyiko huo hunasa kwenye vichujio vidogo vya mafigo na kuvifanya vivimbe. Ndiyo maana ugonjwa hujitokeza wakati wazazi wamekwisha kusahau kidonda: wiki moja hadi tatu baada ya maumivu ya koo, na wiki tatu hadi sita baada ya vidonda vya ngozi. Wanaoupata zaidi ni watoto wa kati ya miaka mitano na kumi na miwili.

Mama mkwe wako hakukosea kufikiria malaria, kwa sababu hapa Uganda, hasa mashariki, wako watoto ambao mkojo wao huwa mweusi kwa malaria kali; lakini hao huwa na homa, hupungukiwa damu na macho yao huwa ya manjano. Unyafuzi nao kwa kawaida huanza kuvimbisha miguu, wala haugeuzi rangi ya mkojo. Kipimo cha mkojo cha kijiti, ambacho vituo vingi vya afya vinacho, huonyesha damu na protini kwa dakika chache, na kwa maoni yangu kila mtoto aliyevimba uso apimwe hivyo kabla ya kupewa dawa yoyote, ya dukani au ya mitishamba.

Kuhusu maji, tafadhali usimpe mengi. Najua tumezoea kuamini kwamba maji husafisha mafigo, na kwa mtu mzima mwenye afya hayana ubaya, lakini mafigo yaliyovimba hayawezi kutoa maji na chumvi inavyotakiwa, kwa hiyo kila kikombe cha ziada hubaki mwilini, huongeza uvimbe, hupandisha shinikizo la damu na huweza hata kujaza mapafu. Mpe kiasi alichokuelekeza daktari wake, upike bila chumvi, na umwepushe na samaki wa kukaushwa kwa chumvi pamoja na vionjo vya pakiti hadi uvimbe uishe. Akianza kukojoa kidogo sana, mrudishe hospitalini. Hapo huenda akazuiwa pia matoke, ndizi mbivu na viazi, kwa kuwa vina potasiamu nyingi, na potasiamu ikizidi katika damu huvuruga mapigo ya moyo.

Jambo linalonitia wasiwasi kuliko rangi ya mkojo ni shinikizo la damu, ambalo watu hudhani ni la wazee tu. Mtoto huyu apimwe kila anapohudhuria kliniki, kwa mkanda unaolingana na mkono wake, kwa sababu mkanda wa mtu mzima hutoa kipimo cha uongo. Akilalamika kichwa kuuma sana, akitapika, akiona ukungu, akipata degedege au akihema kwa shida, msingoje asubuhi.

Tukija kwenye kupona, habari ni njema: zaidi ya watoto 95 kati ya 100 hupona kabisa. Uvimbe huisha kwanza, kisha mkojo husafika baada ya wiki kadhaa, ingawa damu isiyoonekana kwa macho huweza kupatikana kwenye kipimo kwa mwaka mmoja au zaidi. Usikatishe kliniki kwa sababu tu anacheza vizuri. Penisilini aliyopewa huua bakteria waliobaki wasiambukize ndugu zake. Haiondoi uvimbe wa mafigo.

SWALI: Katika shule yetu ya bweni mwanafunzi mmoja amepata ugonjwa huo. Tumtenge? Na je, atachomwa sindano kila mwezi kama mwenzake mwenye ugonjwa wa moyo?
Mwalimu, Busia

JIBU: Ugonjwa wa mafigo hauambukizi, ila streptokoki na upele huambukiza. Huko Trinidad, mwanzoni mwa miaka ya 1970, mlipuko wa upele uliandamana na wimbi la watoto waliovimba mafigo. Kwa hiyo msimtenge mmoja, bali watibuni upele wote wanaolala bweni hilo siku ile ile, pamoja na kufua mashuka na nguo kwa maji moto. Mkimpaka dawa anayejikuna peke yake, mtarudia kazi hiyo baada ya wiki chache. Sindano za kila mwezi ni za homa ya baridi yabisi, ambayo hurudi na kuzidi kuharibu moyo. Kuvimba huku kwa mafigo hurudi kwa nadra sana, hivyo mwanafunzi wenu hazihitaji.