Beki wa kike kwenye futiboli ya Australia: njia yake ikoje kwa anayetokea netiboli?

Dada, umesema mpwa wako wa miaka 17 aliyeko Melbourne alikuwa GD (beki anayelinda goli) kwenye netiboli, sasa klabu ya mtaa imempanga beki, na unauliza kama beki naye ana maisha kwenye AFLW, ligi kuu ya wanawake ya futiboli ya Australia, au ligi hiyo ni ya wafungaji tu. Ana maisha, tena marefu. Ila kazi yake hupimwa kwa yale ambayo hayakutokea, na asipolielewa hilo mapema atakata tamaa bure.

Mtazame Libby Birch. Ni beki. Alichukua ubingwa na Western Bulldogs 2018, na Melbourne 2022, na North Melbourne 2024, akawa mchezaji wa kwanza wa ligi hiyo kubeba kombe na klabu tatu. Fainali zote tatu mpinzani alikuwa Brisbane. Sasa angalia pointi walizoambulia Brisbane: 21, halafu 15, halafu 9. Goli ni pointi 6, na mpira ukipita kati ya nguzo ya goli na ile fupi ya pembeni ni pointi 1. Kwa hiyo 9 ni goli moja na vipointi vitatu, mechi nzima. Mwaka 2022 Melbourne nao walifunga magoli mawili tu, wakashinda 19 kwa 15. Mechi ya aina hiyo huamuliwa nyuma.

Netiboli imempa mpwa wako kuruka, kusoma pasi kabla haijapigwa, na miguu myepesi. Imempa pia tabia moja mbaya: kukaa mbali na mtu. Kule mwenye mpira anaachiwa sentimita 90, na kumgusa ni kosa. Huku beki asiyemgusa mshambuliaji wake amekwisha mpoteza. Asimame upande wa goli, nusu hatua nyuma ya mpinzani, mwili umekaa kiubavu ili amwone yeye na mpira kwa pamoja, na mkono wa mbele uguse kiuno chake ili ajue anapochomoka. Kugusa, si kushika wala kusukuma. Kumsukuma mgongoni ni faulo, na faulo mbele ya goli lako karibu ni sawa na goli. Mabeki wengi wa netiboli huukodolea macho mpira, mshambuliaji akawapitia kisogoni.

Halafu kupangua. Hili ndilo somo kubwa. Mshambuliaji akiudaka mkwaju uliosafiri angalau mita 15 bila kuguswa na mtu, anapewa nafasi ya kupiga kwa utulivu, hivyo kazi ya kwanza ya beki ni kuhakikisha hadaki. Ukiwa mbele yake na una nafasi, daka wewe. Ukiwa nyuma yake au pembeni, piga ngumi, usijaribu kudaka. Atakayejaribu kudaka akiwa nyuma ataugusa kwa ncha za vidole, mpira utadondoka miguuni pa washambuliaji wafupi wanaosubiri hapo hapo, na goli limeingia.

Ngumi yenyewe ifungwe na kidole gumba kikae nje. Mkono upite juu ya bega la mpinzani uende kwenye mpira, usishuke kwenye mikono yake, kwa sababu kumkata mikono ni faulo. Usimwegemee mgongoni ili upate urefu. Mwelekeo nao ni muhimu: piga kuelekea mstari wa pembeni, kamwe usirudishe katikati mbele ya goli. Mpira uliopanguliwa ukitoka nje hurushwa tena na mwamuzi wa pembeni, na mabeki wanapata muda wa kujipanga. Ukibanwa kabisa kwenye mstari wa goli, upitishe mwenyewe utoke kwa pointi 1, ni bora kuliko 6. Lakini lazima uwe umebanwa kweli. Ukifanya hivyo kwa makusudi bila presha, mwamuzi anawapa wapinzani mkwaju wa karibu. Kupangua kumo kwenye kundi ambalo takwimu zao huliita “asilimia moja”, kazi ndogo ndogo zisizopigiwa makofi. Mwambie azihesabu mwenyewe.

Kuhusu njia: Victoria ina ligi ya vijana chini ya miaka 18, Coates Talent League, na juu yake kuna VFLW, ligi ya wanawake ya jimbo hilo. Klabu za AFLW husajili kwa drafti, yaani zinachagua wachezaji wapya kwa zamu, na zimekuwa 18 tangu Agosti 2022. Pesa imepanda sana. Msimu wa kwanza, 2017, kima cha chini cha mshahara kilikuwa dola 8,500 za Australia. Msimu wa saba, mwishoni mwa 2022, kilifika 39,184. Asome huku akicheza, maana kuachwa na klabu ni jambo la kawaida. Akec Makur Chuot, aliyezaliwa Sudan Kusini na kukulia kambi ya Kakuma, Turkana, alicheza Fremantle 2017, akawa nje ya ligi, akapambana kwenye VFLW, akarudi na Richmond 2020, kisha akaenda Hawthorn. Mwonyeshe mpwa wako mechi zake.

Kinachomaliza taaluma mapema ni goti. Wanawake wanachanika ACL, kano ya ndani ya goti, mara nyingi zaidi kuliko wanaume, na mara nyingi bila kuguswa na mtu: anaruka, anatua kwa mguu mmoja ulionyooka, goti linaingia ndani. Kupona ni miezi 9 hadi 12, na kurudi kabla ya 9 ni kujitafutia jeraha la pili. Atue magoti yakiwa yamekunjwa, yakielekea vidole vya miguu. Kichwa nacho kisichezewe: mwenye mtikisiko wa ubongo kwenye AFLW hukaa nje siku 12 angalau, na Chelsea Randall, aliyekuwa nahodha wa Adelaide, alikosa fainali ya 2021 kwa sababu hiyo hiyo.

Muulize kocha wao kama wanafanya mazoezi ya kutua na kubadili mwelekeo, dakika 10 hadi 15 kabla ya kila zoezi. AFL, chombo kinachosimamia mchezo huo, ina mpango wake unaoitwa Prep-to-Play. Kama klabu haiufanyi, aufanye peke yake pembeni ya uwanja kabla wenzake hawajafika.