Swali la lugha: Kutoka -40 hadi -30, sauti imeongezwa au imepunguzwa?

Msomaji anayeandika mwongozo wa kutumia risiva ya nyumbani (kifaa kinachopokea sauti ya filamu au muziki na kuipeleka kwenye spika) anauliza: "Niliandika 'ongeza sauti kutoka -40 hadi -30'. Mwenzangu akasahihisha kuwa 'punguza sauti', kwa hoja kwamba 30 ni ndogo kuliko 40. Nani amepatia? Na hiyo sauti niiite kubwa au ya juu? Naomba pia unieleze kama ni sawa kusema spika inatoa wati 100."

Umepatia wewe. Kitenzi hufuata kinachotokea kwenye spika, hata kama tarakimu ya kwenye kioo inaelekea kwingine. Sauti imeongezeka, kilichopungua ni pengo kati yake na sifuri. Kiswahili kimezoea sana hesabu ya namna hii. Tunasema saa tatu kasoro dakika ishirini, kisha saa tatu kasoro dakika kumi. Dakika zinazotajwa zimepungua na hakuna anayedhani muda umerudi nyuma. Basi -40 ya risiva ni kasoro 40: zimebaki desibeli 40, kipimo cha ukubwa wa sauti, kuifikia alama ya sifuri.

Alama yenyewe inahitaji maelezo, kwa sababu sifuri hapa haina maana ya kimya. Ni kiwango cha rejea, kilichochukuliwa kwenye kazi ya sinema. Risiva ikishapimwa sawasawa kwa maikrofoni yake, ukiiweka kwenye 0 na kucheza filamu, vilele vya sauti ya kila spika kuu vinaweza kufika desibeli 105 pale msikilizaji anapokaa, na mkondo uliotengwa kwa ajili ya besi, yaani sauti nzito, ukafika 115. Hiyo ni sauti kubwa mno kwa sebule nyingi, ndiyo maana watu wengi husikiliza chini ya hapo na hawaoni chochote kwenye kioo isipokuwa namba hasi. Risiva nyingi huweza pia kuvuka sifuri, zikaonyesha namba chanya.

Kutokana na hilo, nakusihi usiandike "desibeli 30" peke yake. Desibeli 30 zinazopimwa hewani ni sauti ya mnong'ono. Desibeli 30 chini ya kiwango cha rejea ni sauti ya kutazamia filamu bila shida yoyote. Kipimo ni kimoja, ila mahali pa kuanzia kuhesabu ni tofauti, na msomaji wa mwongozo hana namna ya kujua unakusudia kipi. Mara ya kwanza andika kwa ukamilifu, "desibeli 30 chini ya kiwango cha rejea"; baada ya hapo "desibeli hasi 30" inatosha. "Hasi" haibadiliki kwa ngeli, na huifuata nomino yake: namba hasi, desibeli hasi. "Sauti hasi" nisingeikubali, maana uhasi ni wa namba.

Kuna risiva ambazo hukuruhusu kuchagua kioo kionyeshe mizani nyingine, isiyo na alama ya kutoa. Kwa kawaida, kwenye zile za kampuni za Denon na Marantz, 80 ya mizani hiyo ndiyo 0 ya mizani ya desibeli, kwa hiyo 50 ni sawa na -30. Hapa ndipo linapozuka kosa ambalo ningependa tuliache kabisa: "weka sauti asilimia 50". Namba hiyo si sehemu ya mia ya kitu chochote. Andika "weka sauti kwenye 50", au "sogeza hadi 50".

Neno "mara" nalo lina mtego. Mtu huona -40 na -20 akasema sauti imekuwa mara mbili. Hesabu ya desibeli haiendi hivyo. Kila desibeli 10 zinazoongezwa hudai nguvu ya umeme mara 10 kutoka kwenye amplifaya (sehemu ya risiva inayozipa spika umeme wa kutoa sauti), ilhali sikio huhisi sauti imekuwa kama mara mbili tu. Kutoka -40 hadi -20, basi, nguvu imekuwa mara 100 na msikilizaji anahisi takriban mara nne. Kila unapoandika "mara", taja ni mara ngapi ya nini: ya nguvu, au ya sauti inavyosikika.

Sasa kubwa na ya juu. Katika mazungumzo "sauti ya juu" hutumika kwa maana zote mbili, na simlaumu anayesema hivyo. Kwenye mwongozo wa vifaa vya sauti, hata hivyo, utata huo una gharama, kwa sababu risiva hiyohiyo ina kitufe cha kuongeza sauti yote na vingine vya besi na trebo. Ningetenga hivi: sauti kubwa na sauti ndogo kwa kinachobadilika ukibonyeza rimoti, sauti nzito na sauti nyembamba kwa besi na trebo. Spika inaweza kutoa sauti nyembamba iliyo kubwa, au sauti nzito iliyo ndogo, na msomaji akakuelewa papo hapo. Vitenzi ni kuongeza na kupunguza. "Kupaza sauti" mwachie mtu na koo lake, ingawa "kipaza sauti" limeshajenga makao kwenye vifaa na halina sababu ya kuhamishwa.

Swali la wati umelileta mwisho, lakini ndilo linaloharibu spika za watu. Wati 100 zilizoandikwa nyuma ya spika ya kawaida, isiyo na amplifaya ndani yake, ni nguvu inayoweza kupokea bila kuharibika. Kwa hiyo spika *inahimili* wati 100. Anayetoa wati ni amplifaya. Ukisema "inatoa", mnunuzi atadhani ya wati 200 ni kubwa maradufu kwa sauti, na atakuwa amekosea mara mbili, maana hata amplifaya ikizidisha wati maradufu kweli, ongezeko ni desibeli 3 tu. Ukitaka kumweleza spika ina sauti kiasi gani, tumia kipimo kingine ambacho kwa kawaida huandikwa kwenye karatasi ya sifa zake, na ukiandike kwa sentensi kamili: "Ikipewa wati 1, kwa umbali wa mita 1, spika hii hutoa sauti ya desibeli 88." Hapo ndipo "hutoa" linapokaa vizuri.